Mgonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) anapoweweseka: maswali na majibu

Jana baba alitutambua sote. Leo anasema kuna wadudu ukutani na anataka kung'oa mipira aliyowekewa mwilini. Amerukwa na akili?

Hapana. Hiyo ni deliriamu: ubongo umevurugika ghafla kwa sababu ya maambukizi, upungufu wa oksijeni, maumivu, kukosa usingizi, au dawa zenyewe. Huja na kupotea. Asubuhi anaongea vizuri, usiku anapayuka. Walio kwenye mashine ya kupumulia huipata sana.

Jirani yake yeye katulia kimya. Huyo nafuu?

Huyo ndiye anayesahaulika. Kuna deliriamu ya kimya, nayo ni rahisi kudhaniwa uchovu. Muuguzi humpima hivi: anamshika mkono, anamsomea herufi kumi polepole, na mgonjwa anaubana kila asikiapo A. Akikosa zaidi ya mara mbili, umakini umeyumba. Hata mwenye mpira kooni anapimika, maana halazimiki kusema neno.

Kwa nini wasimlaze fofofo asiteseke?

Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba waliokatiziwa dawa ya usingizi kila siku hadi wazinduke walitolewa kwenye mashine mapema zaidi. Siku hizi, pasipo sababu maalumu kama kifafa kisichokoma, hupewa usingizi mwepesi: ukimwita, afumbue macho. Maumivu hushughulikiwa kwanza, kwani anayetapatapa pengine anaumwa tu. Midazolamu, dawa ya usingizi, na dawa za jamii yake huongeza hatari ya deliriamu, kwa hiyo dawa nyingine za usingizi, propofoli au deksimedetomidini, hupendelewa.

Hakuna sindano ya kuiondoa?

Hakuna. Haloperidoli, dawa ya kutuliza, huweza kupoza fujo, lakini haifupishi deliriamu. Kinachotibiwa ni chanzo.

Sisi ndugu tufanye nini?

Mengi kuliko mnavyodhani. Mpelekeeni miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Mtajieni siku, saa na mahali alipo, hata mara kumi. Msibishane naye kuhusu wadudu. "Mimi siwaoni, lakini nipo hapa na wewe" inatosha. Ulizeni kama anaweza kukalishwa kitini mchana na kupunguziwa taa na kelele usiku. Kumfunga mikono mara nyingi humzidishia hofu. Na kama alikuwa akinywa pombe kila siku, mwambieni daktari bila kuona haya: kuikosa ghafla nako huleta deliriamu, na hapo dawa za jamii ya midazolamu ndizo hutumika.