"Niungishe" sio kuomba: mambo mnayodhani kuhusu sisi wachoraji na wauzaji wadogo

Mimi nachora tingatinga, zile picha za wanyama na ndege za rangi ya mafuta, nina kafremu kadogo hapa Dar, pembeni yangu yupo fundi cherehani na mbele yetu kuna mama anauza chapati maharage, na kila siku nasikia maneno yale yale kuhusu kazi zetu mpaka leo nimeona niyaandike, maana mengine yanasemwa na watu wanaotupenda kabisa wala hawana nia mbaya.

Dhana: ukinunua kwa mtu mdogo unamsaidia, ni kama sadaka

Ukweli: sikiliza tu neno tunalotumia. Muuzaji anakwambia "niungishe dada", hasemi "nisaidie". Kumuungisha mtu ni kununua kwake, unatoa hela unapewa kitu, biashara imeisha, kila mtu anaenda zake na heshima yake. Shida ya kuiita sadaka ni kwamba mtu akishajiona anatoa sadaka anapunguza anavyotaka, si ameamua mwenyewe kutoa? Na upande wa pili, kazi ikiwa mbovu anaona aibu kuirudisha, anasema aah basi nilikuwa namsaidia tu yule kijana. Halafu harudi tena. Mi bora unilipe bei yangu halafu ukione kidole cha rangi kwenye kona ya picha uniletee niirekebishe.

Dhana: kizuri chajiuza

Hii methali naiheshimu ila kwenye sanaa imetuponza sana, na mfano mzuri ni huyo huyo aliyetuachia hii kazi. Watu wengi (hata wabongo wenzangu) wanadhani tingatinga ni michoro ya mababu ya miaka mia na mia. Hapana bwana. Imeanza mwishoni mwa miaka ya 1960, na imeanzishwa na mtu mmoja mwenye jina, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alitoka kusini akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, baadaye akaja Dar, kazi alizofanya mjini ni zile za kuunga unga, na ndo akaanza kuchora kwenye hadibodi zile za kupigia dari kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndo vitu vilivyokuwepo na bei yake aliiweza.

Sasa, picha zilijiuza? Wapi. Zilipelekwa Morogoro Stores kule Oysterbay, mahali ambapo wageni wenye hela walikuwa wanakuja kununua mahitaji yao, na mke wake alikuwa anakaa pale anauza. Yaani kulikuwa na mtu wa kukaa na mzigo juani, kuongea na mteja, kutaja bei na kuitetea. Huyo ndo hatajwi. Kila mchoraji unayemjua akifanikiwa ulizia nyuma yake ni nani aliyekuwa anauza, mara nyingi utakuta ni mke, dada, au shemeji.

Mwaka 1972 Tingatinga akapigwa risasi na polisi hapa Dar, kwa makosa, walimdhania mtu mwingine, akafa. Alikuwa amechora miaka kama minne tu. Angekuwa alikaa na ujuzi wake peke yake ingeishia pale pale, lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na vijana wa karibu, na wao wakafundisha wengine, mpaka 1990 wakawa na ushirika wao wa kisheria palepale Oysterbay. Mtu akiniambia wachoraji wa tingatinga wote wanakopiana namjibu ndiyo, tunaanza kwa kukopi, ndo shule yetu ilivyo, hakuna ada wala cheti, unakaa nyuma ya mwalimu unajaza majani na madoa ya chui mpaka mkono ukubali, ila baada ya miaka ukinipa picha kumi za twiga nitakuonesha hii ya fulani na hii ya fulani bila kuangalia saini.

Dhana: picha yenyewe ni kazi ya masaa mawili tu

Ulikuja ukanikuta namalizia manyoya ya ndege ukaona nimetumia masaa mawili, sawa. Hukuwepo siku nilipokata mbao za fremu, nikatanda kitambaa nikakivuta kikakaza, nikapaka rangi ya chini ikakauka nikarudia tena ndo nikaanza mnyama. Rangi ya mafuta haikauki kwa kuombwa. Msimu wa masika ndo kabisa, unaweza ukapaka leo na keshokutwa bado inanata, na vumbi la daladala linakuja kulala juu yake, unaanza upya.

Dhana: rafiki ndo wa kupewa bei ya kishkaji

Rafiki ndo angetakiwa alipe kamili, mgeni abembeleze! Lakini kwetu ni kinyume, mshkaji anataka apunguziwe, jirani anataka akopeshwe, na ndugu anataka bure kabisa kwa sababu "si unachora tu hapo". Wahenga walishasema kukopa harusi kulipa matanga. Fundi cherehani hapa jirani ana daftari la madeni limejaa majina ya mtaa mzima, na siku akifunga fremu sababu ya kodi mtaa huo huo utasikitika, jamani yule baba alikuwa anashona vizuri.

Na hela yangu haitoki mbali mjue. Ukininunulia picha asubuhi, mchana nimekula chapati za mama hapo mbele, jioni seremala kapata hela ya mbao, mama wa chapati kampelekea fundi sare za watoto, na kilichobaki kaweka kwenye kikoba chao cha wiki. Elfu tano moja inaweza kuzunguka barabara yetu na isivuke hata lami.

Dhana: "hatuna bajeti ila tutakutangaza"

Kuna hoteli moja iliniita nichore ukuta mzima wa mapokezi, malipo ni kwamba wageni wataiona kazi yangu. Nikauliza na rangi je, wakasema rangi utakuja nayo. Aisee. Kutangazwa ni kuzuri sijakataa, ila duka la rangi halipokei asante. Shukrani ninazozihesabu mimi ni hizi: umelipa siku tuliyokubaliana, na mtu akiuliza ukutani kwako nani kachora unataja jina badala ya kusema "nilichukua kwa kijana mmoja hivi". Ukiposti picha andika jina la mchoraji, haikugharimu kitu.

Hapo hapo niseme na hili, kununua picha hakukupi haki ya kuiprinti kwenye fulana na vikombe ukauze. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, ulichonunua ni ile picha, haki ya kuizalisha inabaki kwa aliyechora mpaka mkubaliane vingine, na inaendelea miaka 50 baada ya yeye kufa.

Dhana: kila kinyago cheusi ni mpingo

Hii ni ya majirani zangu wachongaji. Kuna miti laini inapakwa kiwi ya viatu inang'aa vizuri tu. Shika mkononi, mpingo ni mzito na ukiutia kwenye maji unazama. Unachukua miaka sabini na zaidi kukomaa, kwa hiyo ukitajiwa bei ya kinyago halisi ukashtuka kumbuka mti ule pengine ulikuwa umesimama kabla babu yako hajaoa.

Dhana: muuzaji mdogo lazima ana chenji

Hana. Saa mbili asubuhi umenunua kadi ya elfu mbili unanipa noti ya elfu kumi, nianze kukimbia mtaa mzima na wewe unaangalia saa. Lipa namba nimeibandika hapo mlangoni, chini ya yule kifaru wa bluu.