Je, wajua kwa nini ua hufa kwa kiu huku shina lake limo majini?

Umekata maua, ukayapanga vizuri kwenye bakuli pana la mapambo, ukajaza maji. Kesho yake jioni waridi limeinamisha kichwa. Unachungulia: maji yamo, shina limezama. Mbona limenyauka?

Tatizo limo ndani ya shina. Humo mna mirija myembamba sana inayopandisha maji, na ua halina moyo wa kuyasukuma. Majani na petali zinapopoteza mvuke ndipo maji ya chini huvutwa juu, mfululizo, mithili ya kamba iliyokazwa. Kamba iliyokazwa ukiikata, ncha yake huruka nyuma. Vivyo hivyo mkasi unapopita, maji hurudi ndani ya mrija na hewa hufuata. Kiputo kikinasa hapo, mrija huo hauleti maji tena. Ndiyo sababu inafaa kukata shina upya, sentimita 2 au 3, likiwa limezamishwa kwenye beseni, kisha kulitia bakulini papo hapo. Safari hii kinachofuata nyuma ni maji. Tumia kisu kikali. Mkasi butu huponda mirija yenyewe. Na ule mkato wa mshazari unaosifiwa sana? Faida yake kubwa ni kwamba ncha ya shina hailali bapa kwenye kitako cha bakuli ikajiziba.

Kizibo cha pili ni bakteria. Utomvu unaovuja kwenye mkato, na kila jani lililozama, ni chakula chao. Huzaliana, na ute wao huziba mirija. Hapa bakuli lina udhaifu ambao chombo kirefu hakina: mdomo mpana hupoteza maji mengi hewani, na maji machache huchafuka haraka. Kwa hiyo maji ya bakuli hubadilishwa kila siku, na bakuli lenyewe husuguliwa kwa sabuni. Hili naliona muhimu kuliko dawa yoyote. Ile pakiti ya unga inayouzwa pamoja na maua ina sukari ya kulilisha ua, asidi ya kurahisisha maji kupanda, na kiua bakteria. Ukitia sukari peke yake, unawalisha bakteria kwanza.

Basi maua yatasimamaje ndani ya kitu kipana hivyo? Wajapani walilifikiria kwa kina. Mwishoni mwa karne ya 19, Ohara Unshin alianzisha mtindo wa moribana, yaani maua ya kurundikwa, kwa ajili ya sinia na mabakuli yenye kina kifupi. Mashina huchomekwa kwenye kenzan, kipande kizito cha chuma chenye misumari mingi iliyoelekea juu. Usipokuwa nacho, wavu wa waya uliokunjwakunjwa utafaa, au utepe wa gundi uliopitishwa mdomoni mwa bakuli kwa mistari inayokatana. Sifongo ya kijani ya maua, iliyobuniwa Marekani mwaka 1954, hushika shina barabara, lakini humeguka na kuacha chembe za plastiki zisizooza. Mimi siipendi.

Angalia pia majirani. Ua la narsisi (daffodil kwa Kiingereza) hutoa ute unaodhuru waridi na tulipu. Kilaze kikonyo chake peke yake katika maji mengine kwa saa kadhaa kwanza, wala usikikate tena baadaye. Matunda yanayoiva, hasa ndizi na tufaha, hutoa gesi ya ethilini inayoyazeesha maua. Maua ya karnesheni (carnation kwa Kiingereza) huathirika vibaya mno: petali zake hujifunga kama zimelala.

Na lile waridi lililoinama? Lisitupwe bado. Likate shina ndani ya maji, kisha lilaze zima, kichwa na majani, kwenye beseni la maji kwa saa moja hivi. Kama ni hewa tu iliyoziba, mara nyingi shingo hunyooka tena.