Nani Hujaza Ndege ya Nairobi Hadi New York?

Basi la usiku la kutoka Nairobi kwenda Mombasa halijazwi na wakazi wa katikati ya jiji peke yao. Wengi huletwa na matatu kutoka Thika, Limuru na Kitengela. Ndege ya masafa marefu nayo huishi kwa abiria wa kuletewa.

Chukua safari ya Kenya Airways ya kwenda New York bila kutua njiani, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Boeing 787-8 ya shirika hilo ina viti 234. Tuseme viti asilimia 80 vinapaswa kuuzwa ili safari ijilipe. Hao ni abiria 187. Ikiwa wanaotoka Nairobi na kuishia New York ni 100 tu, 87 waliosalia watoke wapi? Upande huu, shirika lina ndege zake za kuwaleta kutoka Entebbe, Kigali au Dar es Salaam. Upande wa pili halina kitu: sheria ya Marekani hairuhusu shirika la kigeni kubeba abiria wa ndani, tuseme kati ya New York na Atlanta. Lazima awepo mwenyeji wa kuwapokea, na ndiyo faida ya kuwa katika SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na Delta ya Marekani, yenye kituo kikubwa katika uwanja wa JFK, New York.

Ushirika una ngazi. Ya chini ni kupokeana tiketi na mizigo. Ya pili, shirika huuza viti vya ndege ya mwenzake kwa nambari ya safari yake lenyewe. Ya juu ni ubia, ambapo mapato ya njia nzima huwekwa kapu moja na kugawanywa, hivyo hakuna anayejali abiria kapanda ndege ya nani. Kenya Airways na KLM ya Uholanzi walikuwa na ubia wa aina hii hadi 2021.

Ugomvi huanzia kwenye mgao. Nje ya ubia, kila shirika hudai sehemu yake ya nauli, na safari fupi ya kuunganisha hudai fungu kubwa kuliko umbali wake. Mwenyeji akidai mno, mwenye safari ndefu hubeba abiria kwa hasara huku ndege ikionekana imejaa. Ratiba nayo huua ushirika kimyakimya: ndege ikitua asubuhi na ya kuunganisha ikaondoka jioni, abiria atanunua kupitia Dubai.

Kuna lisilotibika kwa mkataba. Uwanja wa JKIA, Nairobi, uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, hivyo uzito wa kupaa hupungua, hasa mchana wa joto. Mafuta ya safari ndefu hayapunguzwi; kinachoachwa ni shehena, pengine na viti. Air New Zealand nayo ilikuwa na ubia na United ya Marekani katika njia ya Auckland hadi Chicago, lakini mwaka 2024 ilisitisha safari hiyo kwa sababu injini za 787 zake zilikuwa na matatizo.

Kwa msafiri, soma mstari unaotaja shirika linaloendesha ndege. Nambari ya safari pekee haitoshi. Nunua safari yote kwa tiketi moja. Ukiwa na tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukupangia nyingine. Ukifika JFK, chukua mizigo yako, pita forodha, kisha uikabidhi tena, hata kama kibandiko kimeandikwa Dallas.

Mzigo ukiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7; ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu uupokee. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko kwa shirika lililokuuzia tiketi au kwa lililokubeba yana uzito uleule, hivyo usikubali kuzungushwa kati ya madawati mawili.