Usiulize Novemba kwa nini walichagua chuo chako Julai

Msimu wa udahili ukiisha, mahali fulani kati ya Njiro, Arusha, na Moshi mjini huitishwa kikao, mtu anawasha projekta, na chati inatuambia sababu namba moja ya wanafunzi kuchagua chuo ni "sifa nzuri ya chuo". Vichwa vinatikiswa kukubali. Linapitishwa azimio la kuchapisha fulana, kusimamisha bango jipya barabarani na kununua vipindi redioni. Chati hiyo imenichosha. Hesabu zake hazina kasoro. Kasoro ni kwamba aliyeulizwa mara nyingi si aliyeamua, na ameulizwa wakati ambao hana sababu tena ya kukumbuka.

Kwa shahada ya kwanza, waombaji wengi wa huku kwetu hawaanzi na chuo. Wanaanza na programu ambazo tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha sita) na pointi zao zinaruhusu, nafasi zinaipunguza orodha, halafu mkopo, ada ya awamu ya kwanza na pango vinamaliza kazi. Jina la chuo lipo, lakini ni kachumbari.

Ya pointi nayapita haraka, mnayajua. Kiwango cha chini cha jumla ni masomo mawili ya tahasusi yenye pointi 4.0, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, angalau D kila somo, yaani pointi 6. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unayaeleza hayo programu kwa programu, na kando yake unaandika idadi ya nafasi. Safu hiyo ya nafasi ndiyo ambayo watu wa masoko hawaisomi. Mwenye D tatu za masomo hayo matatu (PCB) ana haki ya kuomba udaktari chuo chochote, na kwenye msongamano hana chake. Kwa hiyo anatafuta penye upenyo, na upenyo huo hauna uhusiano wowote na bango lako.

Sasa mchukue mwenye alama nzuri zaidi aliyepata udaktari KCMC, Moshi. Mwulize, atakujibu kwamba alivutiwa na hospitali ya rufaa iliyopo pale tangu 1971. Hakudanganyi. Anaiona kila siku, anajifunzia humo, na kwa fani za afya hospitali ni sababu ya kweli kuliko zote zinazotajwa kwenye madodoso. Ila huyohuyo aliomba Muhimbili, Bugando na Dodoma, na kama angepata mojawapo angekupa sababu tamu vilevile. Mtu akishafika, akishalipa, akishapata rafiki wa kukaa naye chumba kimoja, anaanza kujisimulia kwamba hapa ndipo alipopataka. Ni ubinadamu tu. Lakini wewe unauandika kama takwimu.

Zipo programu ambazo jambo hili halina utata. Anayetaka usimamizi wa wanyamapori atataja Mweka, chuo kilichoanza 1963, kwa sababu njia za kufika huko ni chache. Anayetaka ushirika ataifikiria MoCU, yaani Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Huko fani ndiyo iliyochagua chuo. Uhasibu ni habari nyingine kabisa: unafundishwa Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro, unafundishwa MoCU, Mzumbe na Dar es Salaam. Mwenye ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) ana milango mingi inayofanana, kwa hiyo vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyoamua. Ukichanganya mhasibu, daktari na mwanawanyamapori kwenye chati moja, ukatoa wastani, umepata sababu ambayo si ya yeyote kati yao.

Tuje kwenye dodoso lenyewe, maana hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Lina sababu 15, kila moja ina mizani ya 1 hadi 5, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijaza wiki ya utambulisho mbele ya mhadhiri. Anazungushia 4 kuanzia juu hadi chini, kwa adabu. Tofauti kati ya sababu ya kwanza na ya saba inakuwa desimali mbili, na kwenye desimali hizo mbili tunajenga mkakati wa miaka mitano. "Ada nafuu" inapata 4. "Mazingira tulivu" inapata 4. Nimeona hata "maktaba ya kisasa" ikipata 4 kutoka kwa watu ambao maktaba hawajaingia bado.

Maneno ya vipengele nayo yana lawama. "Ada nafuu" haipimi kitu ambacho mzazi anakipima. Mzazi analinganisha kiasi cha kulipa siku ya kuripoti: awamu ya kwanza ya ada, hosteli, bima ya afya kwa asiye nayo, na vile vijimchango vilivyojificha kwenye maelekezo ya kujiunga. Chuo chenye ada kubwa kwa mwaka kinachopokea awamu nne kinaweza kukishinda chenye ada ndogo kinachodai nusu kwa mkupuo. Dodoso lako haliwezi kuliona hilo, kwa sababu halijauliza habari ya awamu.

Kipengele cha "ukaribu na nyumbani" kina ugonjwa wake. Kwa mtoto wa Majengo au Pasua, hapa Moshi, ukaribu ni sababu ya kukimbia: anataka Dar es Salaam au Dodoma, alale anapotaka. Kwa mama yake, ukaribu ni sababu ya kumbakiza. Neno ni lilelile na athari zake zinapishana, na ukizijumlisha zinafutana, kisha unatangaza kwamba "umbali si kigezo muhimu". Halafu kilomita zenyewe hazisemi kila kitu. Lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika 2018, mtu wa Arusha hakulazimika tena kuzungukia Singida au Chalinze kufika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ramani haikubadilika, ila ushindani wa vyuo vya kaskazini ulibadilika.

Mkopo unastahili aya yake. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na kiwango ni kimoja nchi nzima. Hiyo ina maana kwamba bumu, yaani fedha hiyo ya siku 60 kwa mkupuo, 600,000, linanunua vitu tofauti kulingana na mji. Fanya hesabu ya mfano: chumba cha 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, hiyo ni 300,000 kabla hujanunua godoro. Chumba cha 90,000 kwa masharti hayohayo ni 540,000, na hapo bumu limekaribia kwisha likiwa bado halijasainiwa. Wanafunzi wanaijua hesabu hii kuliko wachumi wetu. Wanaipata kwa dada aliyetangulia, siyo kwenye tovuti ya chuo. Kama mji wako una vyumba vya bei ndogo, hicho ni kivutio kikubwa kuliko picha ya jengo la utawala, na sijawahi kukiona kwenye bango.

Vitabu vina mifano yao. David Chapman aliandika wake 1981, Don Hossler na Karen Gallagher wakaja 1987 na hatua tatu: kupata nia, kutafuta, kuchagua. Ni mifano mizuri, ila ilitungwa kwa vijana wa Marekani wenye muda mrefu wa kutafuta. Kwetu hatua ya kutafuta inabanwa kwenye siku za dirisha la maombi, na mara nyingi mwenye kutafuta hayupo. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai hivi. Kijana aliyepangiwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yuko kambini wakati huo, simu yake iko nyumbani. Kaka mtu anachukua namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita, anakwenda steshenari, na kule anakutana na mjuzi mwenye kompyuta mbili na foleni. Huyo mjuzi anajua mfumo wa chuo gani unafunguka haraka, upi unakwama kwenye namba ya malipo, upi ulimrudishia fomu mteja wa jana kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne. Anashauri, kaka anakubali. Kwa kawaida kila chuo kinataka 10,000 ya maombi, kwa hiyo wanaomba viwili au vitatu, wanafunga.

Novemba unamwuliza kijana: kwa nini ulichagua chuo chetu?

Hapa kuna shaka ambayo sijaimaliza. Wengi wetu tunakimbilia mpangilio wa chaguo kwenye fomu kama ushahidi safi kuliko dodoso: la kwanza ndilo analolitaka, la tano ndilo la kujaziajazia. Sina hakika kama bado tunaruhusiwa kusema hivyo. Chini ya mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010, mwombaji alipanga programu za vyuo mbalimbali kwenye orodha moja, na orodha ile ilikuwa hazina. Tangu 2017/18 maombi yanakwenda chuo kwa chuo. Chuo chako kinaona mpangilio wa programu zake tu, hakioni kama chenyewe ni cha pili nyuma ya kingine. Ongeza na wa steshenari anayeanza na programu iliyo juu kwenye menyu. Naendelea kuutumia mpangilio huo, lakini kwa jicho la pembeni.

Kinachobaki imara ni uthibitisho. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, anaiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, na vingine vinampoteza. Hapo kuna kitu kimechukuliwa na kingine kimeachwa, kwa tarehe inayojulikana. Kwa hiyo fanya hivi.

Chukua orodha ya uliowachagua wakashindwa kuthibitisha kwako. Igawe kwa programu, kisha kwa tahasusi. Piga simu 60, ndani ya wiki mbili baada ya dirisha kufungwa, kwa Kiswahili, maswali yasiyozidi manane. Nani alijaza fomu? Vyuo gani vingine vilikuchagua? Kati ya hivyo, kipi ulikiacha mwisho, na ilikuwa kwa sababu gani moja? Siku ya kuripoti ulitakiwa uwe na shilingi ngapi mkononi? Unamjua nani anayesoma huko? Usitaje sababu wewe kwanza, kwa maana ukimtajia ada atasema ada. Piga simu hizohizo kwa 60 waliothibitisha kwako, kisha linganisha makundi mawili ndani ya programu moja. Ukikuta walioenda kwingine walitakiwa fedha ndogo siku ya kuripoti, umepata jambo la kupeleka kwa mhasibu wa chuo, na mtu wa fulana apumzike.

Yataharibika mawili. La kwanza, watakaokuambia "nilipata mkopo kule". Usiandike hivyo ukapita, maana Bodi hupanga mkopo kwa mwombaji aliyekwisha kudahiliwa. Mara nyingi mkopo ulikuja baada ya uamuzi. Mwulize alijuaje wakati ule. La pili, namba kadhaa zitapokelewa na mtu mmoja, kwa sababu aliweka simu yake kwenye fomu za wateja. Usikate. Huyo amejaza fomu za msimu mzima. Mwulize mfumo wako unamchukua dakika ngapi kwa mteja, unakwamia ukurasa upi, na mteja akiwa hana chuo kichwani huwa anamwandikia kipi kwanza. Kisha mwombe muda mwingine wa mazungumzo, na mtumie vocha, kwa sababu umemsimamishia foleni.