Maji kwenye mapafu baada ya koo kuziba: dhana na ukweli

"Mapafu yakijaa maji, moyo umeshindwa kazi."
Si lazima. Mtu akivuta pumzi kwa nguvu huku njia ya hewa imefungwa, kifua hutanuka lakini hewa haiingii. Katika pumzi ya kawaida, shinikizo la ndani ya kifua huwa chini ya lile la nje kwa takriban sentimita 5 za maji (kipimo cha shinikizo). Koo likiziba, tofauti hiyo inaweza kufika 50 hadi 100. Mvuto huo hurudisha damu nyingi kifuani na kunyonya majimaji kutoka kwenye mishipa midogo hadi ndani ya vifuko vya hewa. Moyo wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa. Hali hii huonekana sana mgonjwa anapoamka kutoka nusukaputi, zoloto (sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti) likibana baada ya mrija wa kupumulia kutolewa. Kunyongwa na kupaliwa huweza kuileta pia.

"Kijana mwenye afya hapatwi na hili."
Yeye ndiye hasa. Misuli yenye nguvu huvuta kwa nguvu.

"Ameshapumua, yamekwisha."
Hapa ndipo wengi huteleza. Povu la rangi ya waridi, kikohozi na kushuka kwa oksijeni mara nyingi huanza dakika chache baada ya koo kufunguka, na kwa wachache huchelewa kwa saa kadhaa. Kumtoa haraka chumba cha uangalizi ni kucheza na maisha yake.

"Mchome furosemide akojoe, atapona."
Tatizo si wingi wa maji mwilini; aliyetoka kwenye upasuaji na njaa huenda hata amepungukiwa. Kwanza fungua njia: sukuma taya mbele, bana barakoa vizuri usoni, toa oksijeni asilimia 100. Zoloto likikataa kufunguka, mtaalamu wa usingizi hutumia propofol kidogo (dawa ya usingizi) au suxamethonium (dawa ya kulegeza misuli). Kisha mkalishe na umpe hewa yenye shinikizo la sentimita 5 hadi 10 za maji. Wengi hutengemaa ndani ya saa 24 hadi 48. Antibiotiki hazina kazi hapa, isipokuwa kuna dalili za maambukizi.

"Haizuiliki."
Wakati mwingine chanzo ni meno tu: mgonjwa anauma mrija na kuuziba kabla hajazinduka vizuri. Weka shashi iliyoviringishwa kati ya magego kabla ya kumwamsha. Ikiwa ameshauma, usivute mrija kwa nguvu. Toa hewa kwenye puto linalouzunguka mrija ndani ya koo, ili apate kupumua kupitia pembeni mwa mrija hadi taya zilegee.