4,294,967,297 si namba tasa

Andika 4,294,967,297 ubaoni katika darasa lolote la Lubumbashi, uulize kama inagawanyika. Wa dawati la mbele hatangoji: "Mwalimu, hiyo ni tasa." Na hoja anazo. Si shufwa, haiishii na 5, jumla ya tarakimu zake ni 59 kwa hiyo 3 haiingii, 7 inabakiza 5, na 11 vilevile inabakiza 5.

Hesabu zake ni sahihi, jibu ndilo bovu. Kushindwa kwa vigawo vitano vidogo hakuthibitishi lolote kuhusu vikubwa, na namba hii ni 641 × 6,700,417. Asiyeamini azidishe 6,700,417 kwa 600, apate 4,020,250,200, kisha kwa 41, apate 274,717,097, ajumlishe.

Kijana huyo hayuko peke yake. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17 na gwiji wa namba, alichukua 2, akaipandisha kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akiongeza 1. Zikatoka 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Akaamini kwamba na kipeo cha 32, yaani namba yetu, kitafuata mkondo huo. Tano mfululizo zilimtosha! Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, ndiye aliyeivunja, mwaka 1732.

Hapo wengine hudhani Euler alijaribu namba moja moja mpaka akachoka. Kwanza, hakuna haja ya kwenda mbali: kigawo kidogo kikiwepo, hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 65,536 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, kazi ya wiki nyingi kwa mkono. Lakini Euler aligundua kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi anza na 65, ongeza 64 kila mara, tupa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu. Kalkuleta ndogo ya tarakimu 8 isingemsaidia, maana namba yenyewe haiingii kwenye kioo chake.

Na ile imani kwamba namba ikiwa kubwa haikosi vigawo vingi? Hii ina vinne tu, pamoja na 1 na yenyewe. 60 inavyo 12. Jirani yake 4,294,967,296 inavyo 33. Ukiwa na franka 4,294,967,297 na hutaki ibaki hata moja, huwezi kuzigawa sawasawa kwa wawili, wala kumi, wala mia. Tafuta watu 641.

Inayofuata katika mfululizo wa Fermat, yenye tarakimu 20, ilisubiri hadi 1880, mwanahisabati Mfaransa Fortuné Landry alipoivunja. Kigawo chake kidogo ni 274,177.