Bita ya Kiingereza: kuipa alama bia isiyopiga kelele

Kwenye mashindano ya bia kuna kundi ambalo waamuzi wengi huombea lisiangukie meza yao, nalo ni la bita. Ndilo jina ambalo Mwingereza hutumia baani anapoagiza eli yake ya rangi hafifu, na eli ni bia inayochachuliwa kwenye joto zaidi ya laga. Haina matunda ya kufoka puani kama IPA, zile eli chungu za Kimarekani, haina weusi wa stauti, wala haina nguvu ya kumwangusha mtu. Ukishaonja bia kali kumi, inakuja hii ya asilimia 3.8 na unaandika “ya kawaida” kisha unaipa 27 kati ya 50. Mimi naona huo ni uonevu. Pilau inaweza kuficha uzembe wa mpishi, wali mweupe humuumbua, na bita ndiyo wali mweupe wa kiwanda cha bia. Ikitoka safi, aliyeipika anastahili alama za maana.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mfumo wa BJCP, chama cha Kimarekani kinachowapa waamuzi wa bia vyeti, ambao unatumika kwenye mashindano mengi duniani, unagawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na mtazamo wa jumla 10. Bita zenyewe zimepangwa kwa nguvu. Ya kawaida ina kilevi cha asilimia 3.2 hadi 3.8, ya kati 3.8 hadi 4.6, na kali 4.6 hadi 6.2. Uchungu unaanzia vipimo 25 vya IBU kwa ile ndogo na unaweza kufika 50 kwa ile kali. Unyonge huu wa kilevi haukuwepo tangu mwanzo. Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na kodi zake na uhaba wa nafaka, iliishusha nguvu bia ya Uingereza, na haikurudi tena ilipokuwa. Watengenezaji wakalazimika kujifunza kutia ladha nyingi kwenye bia ndogo, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Jambo linaloharibu uamuzi kabla hata glasi haijafika mdomoni ni joto. Mhudumu wa baa Dar au Nairobi atakuuliza, “Baridi au ya moto?” Bita haimo katika majibu hayo mawili. Inanyweka ikiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, yaani ubaridi wa ghala la chini la baa ya Kiingereza. Ukiionja kwenye nyuzi 4 kama laga, harufu ya kimea inalala na uchungu unabaki peke yake, mkavu na wa chuma. Mezani, wasimamizi wakileta chupa iliyotoka kwenye friji moja kwa moja, mimi huikumbatia glasi kwa viganja viwili na kusubiri kabla ya kuandika lolote kuhusu ladha.

Kunusa, hata hivyo, hakusubiri. Pua iende kwenye glasi mara tu bia inapomiminwa, kwa sababu kuna harufu zinazokimbia. Mojawapo ni kiberiti kilichotoka kuwashwa. Ukikutana nayo usikimbilie kukata alama. Maji ya Burton upon Trent, mji wa Staffordshire ulioipa eli hii umaarufu wake, yamepita kwenye miamba ya jasi, na salfeti yake huzidi miligramu 600 kwa lita. Salfeti hiyo huufanya uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, uwe mkavu na mkali kidogo mwishoni, na bia za mji huo zimejulikana siku zote kwa dokezo hilo la kiberiti. Likiyeyuka ndani ya dakika moja au mbili, ni pambo. Likikaa na kugeuka yai viza, hapo una haki ya kukasirika. (Burton ndiko alikoanzia William Bass mwaka 1777. Pembetatu nyekundu ya kampuni yake iliandikishwa tarehe 1 Januari 1876 na kuwa alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza.)

Baada ya hapo natafuta kimea. Shayiri inayosifiwa zaidi kwa bita ni Maris Otter, iliyozalishwa Cambridge na kuingia mashambani miaka ya 1960. Inatoa harufu ya biskuti na ganda la mkate. Wengi huongeza kimea cha kristali, kilichookwa hadi sukari yake ikaganda ndani ya punje, kwa ajili ya tofi na rangi ya shaba, na hapa ndipo waigaji walio nje ya Uingereza wanapozidisha. Ukinywa bita ukahisi unatafuna tofi, mtengenezaji amemwaga kristali kwa mkono wa ukarimu kupita kiasi. Hopsi za asili ni Fuggle na East Kent Goldings. Hazina maembe wala pasheni. Zina udongo, majani, maua kidogo, na ukibahatika, ganda la chungwa lililopikwa na sukari. Mwamuzi aliyezoea hopsi za Marekani huandika “harufu ya hopsi ni dhaifu”, ilhali ipo, ila inazungumza kwa sauti ya chini. Hamira nayo huchangia. Hamira za Kiingereza hutoa esta zinazonukia peari na tufaha bivu, na bila hizo bita inakuwa laga iliyopakwa rangi.

Kwenye ladha ndiko kuna alama 20, na hapo sina haraka. Sisi waamuzi wa bia hatutemi kama wenzetu wa mvinyo. Tunameza, maana uchungu unajieleza vizuri baada ya funda kushuka. Funda la kwanza silihesabu sana, linaosha tu mdomo. La pili nalishika ulimini: biskuti inatangulia, utamu mdogo unajitokeza katikati, halafu uchungu unaingia na kuufuta utamu huo bila kuacha ukakasi. Kwenye bita nzuri, ukishameza mdomo unabaki mkavu, na mkono unarudi kwenye glasi wenyewe. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa. Bia hii imetengenezwa kunywewa painti kadhaa kwa jioni moja, na painti ni mililita 568, kwa hiyo utamu unaokinaisha kwenye funda la nne ni kosa kubwa kuliko uchungu uliopungua kidogo. Wapo wanaoichukulia sukari kwenye mapishi kuwa udanganyifu. Si kweli. Imeruhusiwa kisheria kwenye bia ya Uingereza tangu 1847, na kwa kuwa hamira huila karibu yote, inaifanya bia iwe nyepesi na kavu zaidi.

Gesi ni chache, na ndivyo inavyotakiwa. Bita ya asili huja kwenye pipa lenye hamira hai, ikaendelea kuchachuka humo humo ghalani, kisha ikavutwa kwa pampu ya mkono. Wasomaji wa Kenya wasiichanganye na bia ya kegi, ambayo husukumwa kwa gesi kutoka nje. Mwamuzi akiandika “imezimika” kwa sababu haikumchoma ulimi, amepima bia nyingine. Kwenye povu kuna ubishi wa zamani kati ya kaskazini na kusini: Yorkshire wanafunga kichujio chenye vitundu mdomoni mwa bomba ili povu lisimame nene kama krimu, huku London wengi wakiimimina bila hicho na kuridhika na utando mwembamba. Kichujio huondoa sehemu ya gesi na kulainisha uchungu. Mimi naipenda bita ya Yorkshire ikiwa na povu lake na ya London bila, na simkati alama yeyote kwa hilo. Mwonekano una alama 3 tu.

Kuhusu mwonekano, nitagusa uangavu kwa sababu una kisa cha kufurahisha. Pipa huangazwa kwa gundi inayotokana na mabondo ya samaki, kiungo kile kile ambacho wavuvi wa sangara Ziwa Viktoria huwauzia wanunuzi wa soko la Asia kwa bei inayoshinda ya minofu. Protini yake hunasa chembe za hamira na kuzama nazo chini ya pipa. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wameacha kuitumia, na bita yao ina ukungu kidogo. Ukungu peke yake hauniumizi. Nanusa kwanza: kama hakuna siki wala uchachu, naendelea.

Sasa kasoro iliyo ngumu kuliko zote mezani, diasetili, yaani ile harufu ya siagi. Ni ngumu kwa sababu katika bita kiasi kidogo sana kimezoeleka kuvumiliwa. Kinajichanganya na biskuti ya kimea na kuipa bia utajiri fulani. Tatizo ni pale mpaka unapovukwa, na mpaka wenyewe haulingani kwa watu wote. Wapo waamuzi wanaoigundua mara moja na wapo ambao pua zao haziioni kabisa, hivyo kila mwamuzi inampasa ajue upofu wa pua yake kabla hajabishana na wenzake. Mimi huangalia mambo mawili. La kwanza ni kama siagi inajitenga. Nikinusa na kupata biskuti iliyopakwa siagi, napita. Nikipata bisi za sinema, nakata. La pili ni ulimi. Diasetili iliyozidi huacha utelezi, kana kwamba umelamba samli, na utelezi huo unaua ule ukavu wa mwisho niliousema. Bia yenye utelezi haivuki 30 kwangu hata kama harufu yake imenivutia.

Chanzo chake kinafaa kuandikwa kwenye karatasi, maana mtengenezaji amelipa ada ili aambiwe. Wakati wa kuchachua, hamira hutoa kitu ambacho baadaye hugeuka diasetili chenyewe ndani ya bia, kisha hamira hiyo hiyo huirudia na kuila. Hamira nyingi za Kiingereza zina tabia ya kugandamana na kuzama mapema, zikaiacha kazi hiyo nusu. Dawa ni kuiacha bia kwenye joto la kuchachulia siku moja au mbili zaidi badala ya kukimbilia kuipoza. Kipimo hakihitaji maabara: chukua sampuli, ipashe hadi nyuzi 60 kwa dakika 20 ikiwa imefunikwa, ipoze, uinuse ubavuni mwa nyingine ambayo hukuipasha. Siagi ikitokea kwenye ile iliyopashwa, bia haijawa tayari. Lakini siagi ikija pamoja na uchachu, habari ni nyingine. Hao ni bakteria, na ushauri unahamia kwenye usafi wa mabomba na mapipa.

Kwa bita ya chupa nina masikitiko mengine. Hopsi na mwanga havipatani. Miale ikipenya chupa nyeupe au ya kijani huzaa harufu ya kicheche ndani ya muda mfupi, na bado kuna viwanda vinavyouza eli nzuri kwenye chupa nyeupe ili rangi ionekane rafu­ni. Oksijeni hufanya kazi polepole zaidi: kwanza biskuti inageuka asali, halafu karatasi iliyolowa. Bia ndogo kama hii haina ubavu wa kuvumilia safari ndefu kontenani. Ukiikuta mbali na Uingereza, soma tarehe kabla ya bei, chagua chupa ya kahawia, na kama ina hamira chini isimamishe siku nzima kabla ya kuifungua. Mimina taratibu kwa mkono mmoja bila kusita, uishie pale tope linapoanza kusogea shingoni.